Sheria ya Kamari Iguse Wapi

Mashine nyingi za sloti, zile za kuweka dau na kuzungusha picha, ziwe za ukumbini au za kwenye simu, hutangaza kwamba humrudishia mchezaji kiasi cha asilimia 95. Anayesoma hivyo kwa mara ya kwanza huelewa kwamba akiingia na 100, hata siku ikiwa mbaya, atatoka na 95. Sivyo. Asilimia hiyo inahusu kila mzunguko mmoja, tena ni wastani unaojitokeza baada ya mizunguko mingi mno. Pesa iliyorudi huwekwa tena, hukatwa tena, hurudi pungufu, kisha huwekwa tena. Mtu anayeweka dau la 1 kila baada ya sekunde 3 huzungusha mara 1,200 kwa saa. Amepitisha 1,200 mashineni, na asilimia 5 ya hiyo ni 60. Kama alikuja na 100, zaidi ya nusu imekwenda ndani ya saa moja, na hapo hajapata mkosi wowote. Ndivyo mashine ilivyotengenezwa ifanye.

Linganisha na bahati nasibu ya kila wiki, ambayo kwa kawaida hurudisha karibu nusu tu ya mauzo. Ukitazama asilimia utasema hiyo ndiyo inayonyonya zaidi. Lakini anayenunua tiketi moja ya 1 hupoteza kwa wastani nusu ya hiyo 1 kwa wiki nzima, kisha anasubiri wiki nyingine. Kinachotofautisha michezo hii miwili ni kasi. Nimeanzia kwenye hesabu kwa sababu mazungumzo kuhusu kamari hukimbilia upesi kwenye tabia za watu, nani ana tamaa na nani hana nidhamu, ilhali mengi yanayoamua nani ataumia yamo ndani ya mchezo wenyewe. Na mchezo, tofauti na moyo wa mtu, sheria inaweza kuushika.

Mkeka, yaani tiketi moja ya kubeti mechi kadhaa kwa pamoja, nao una hesabu yake. Chukua mechi tano, kila moja ikiwa nusu kwa nusu kama sarafu inayorushwa. Odi, yaani namba inayozidishwa na dau lako ukishinda, kwa haki ingekuwa 2.00 kwa tukio la namna hiyo. Kampuni itakupa, tuseme, 1.90, na ile 0.10 iliyobaki ndiyo riziki yake. Ukibeti mechi moja kwa 100, kwa wastani zinarudi 95. Ukizikusanya mechi tano kwenye mkeka mmoja, odi inapanda hadi 24.76, na 100 yako inaahidiwa kuwa 2,476. Machoni inapendeza. Ila uwezekano wa zote tano kutiki ni 1 kati ya 32, kwa hiyo malipo ya haki yangekuwa 3,200. Makato yamepanda kutoka 5 hadi karibu 23 katika kila 100, na mkeka wa mechi kumi unayafikisha 40. Hapo utaelewa kwa nini bonasi hutolewa kwa anayeongeza mechi, na kwa nini matangazo hupenda kuonyesha mtu aliyeshinda kwa mkeka mrefu.

Mkeka huo ukichanika kwa mechi moja, aliyeuweka hulala akiamini alikuwa karibu sana. Katika mfano wetu wa mechi kumi, kukosa kwa mechi moja tu hutokea mara kumi zaidi ya kupata zote. Hisia ya "nimekosa kidogo" ndiyo itakayomtembelea mara kwa mara, na ubongo hauichukulii kama hasara ya kawaida. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba kukosa kidogo huamsha baadhi ya sehemu zilezile za ubongo zinazoamshwa na ushindi, na kumfanya mchezaji atake kuendelea. Mfuko umepoteza, lakini kichwa kimehisi kama kimepata.

Sasa turudi nyuma kidogo. Kwa nini nchi zinahalalisha kamari hata kidogo? Hoja yenyewe si dhaifu. Watu hucheza hata pasipo ruhusa, na pasipo ruhusa hakuna wa kumlalamikia ukinyimwa ushindi wako, hakuna anayeuliza umri, na mapato huingia mifukoni mwa wahalifu. Leseni humpa msimamizi mkono wa kushika. Marekani iliishi na sheria ya shirikisho ya mwaka 1992 iliyoyazuia majimbo mengi kuruhusu kubeti michezo, mpaka Mahakama ya Juu ilipoifuta tarehe 14 Mei 2018. Miaka michache baadaye majimbo zaidi ya 35 yalikuwa yameruhusu. Ila kinachosahaulika ni kwamba kuhalalisha kuna maana mbili. Kuna kuhalalisha kwa maana ya kuacha kumkamata mchezaji, na kuna kuhalalisha kwa maana ya kuiacha biashara ikue kadiri iwezavyo, kwa matangazo, bonasi na ujumbe wa simu usiku wa manane. Ya kwanza haidai ya pili. Nchi nyingi zilitaka ya kwanza zikajikuta na zote mbili.

Ubaya wa ile ya pili unaonekana ukiuliza pesa inatoka kwa nani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 1.2 hivi ya watu wazima duniani wana ugonjwa wa kamari. Kundi la wanaocheza kwa kiwango cha kujidhuru ni pana zaidi ya hapo, na kwa makadirio ya shirika hilohilo ndilo linalotoa karibu asilimia 60 ya pesa inayopotea, yaani mapato ya wachezeshaji. Australia, Tume ya Tija iliyochunguza jambo hili kwa serikali ilisema mwaka 2010 kwamba kwa mashine za sloti peke yake, wenye tatizo walikuwa wakitoa kiasi cha asilimia 40 ya matumizi. Hapa ndipo fundo lilipo. Kampuni ikisema inawajali wateja wake waliozidiwa, inazungumza kuhusu watu wanaoiingizia sehemu kubwa ya kipato chake. Sitaki kusema kila anayefanya kazi humo ni mtu mbaya. Nasema kwamba biashara haiwezi kuachiwa peke yake kazi ya kumwambia mteja wake bora akapumzike.

Na serikali je? Nayo inakula meza hiyohiyo. Kila hasara ya mraibu ina sehemu inayoingia hazina.

Uingereza ilituonyesha mgongano huo waziwazi. Kwenye maduka ya kubeti kulikuwa na mashine zilizomruhusu mtu kuweka hadi pauni 100 kila sekunde 20. Serikali ilikubali kushusha dau hilo hadi pauni 2, kisha mwaka 2018 ikatangaza kwamba kushusha kungesubiri hadi Oktoba 2019. Tracey Crouch, waziri wa michezo, alijiuzulu kwa sababu ya ucheleweshaji huo. Wabunge wakaja juu, serikali ikarudi nyuma, na dau la pauni 2 likaanza Aprili 2019. Wakati huohuo kodi ya kamari za mtandaoni ilipandishwa kutoka asilimia 15 hadi 21 ili kuziba pengo la mapato. Yaani hata pale ambapo wema ulishinda, kuna aliyekaa na kikokotoo akihesabu nani atalipa badala yake. Silaumu kikokotoo. Kila nchi yenye kodi ya kamari inacho, na mwananchi ana haki ya kujua kipo, ili sheria mpya ikichelewa ajue pa kuuliza.

Norwe walikwenda mbali zaidi, na kisa chao ndicho ningependa kila mtunga sheria akijue. Mashine za sloti zilikuwa zimetapakaa kila mahali, na sehemu ya faida yake ilikwenda kwenye mashirika ya hisani na michezo, Msalaba Mwekundu ukiwamo, kwa hiyo kuzigusa kulionekana kama kuwanyang'anya wahitaji. Mwaka 2006 wakazuia mashine kupokea noti. Julai 2007 wakaziondoa zote. Mashine mpya zilizokuja baadaye chini ya kampuni ya serikali zilidai kadi yenye jina la mchezaji, zikawa na kikomo cha hasara, na zikawa zinamsimamisha apumzike. Hofu ilikuwa kwamba watu wangehamia kwingine kwa wingi uleule, lakini kucheza kulipungua na simu za kuomba msaada zikapungua pia. Mraibu hakuwa amebadilika tabia usiku mmoja. Kilichobadilika ni kwamba aliyetoka kununua mkate hakukutana tena na mashine mlangoni.

Kwenye simu hakuna mlango wa kusafisha. Simu iko mfukoni, mkononi, kitandani. Itazame programu ya kubeti kama chombo, sehemu kwa sehemu. Kuweka pesa ni mguso mmoja au miwili, kitufe kina rangi inayovutia. Kutoa pesa kuna hatua, maswali, na muda wa kusubiri. Zamani, katika muda huo wa kusubiri, programu nyingi zilikuonyesha kitufe cha kughairi, na pesa uliyokwisha kuiaga ikarudi mchezoni. Kuna sauti ya shangwe ukiweka 10 na kurudishiwa 4, kana kwamba umeshinda, ilhali umepoteza 6. Kuna mzunguko unaojiendesha wenyewe bila wewe kubonyeza. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichotokea kwa bahati mbaya. Kuna mtu alikaa akabuni, akapima, akaona wateja wanakaa muda mrefu zaidi.

Kilichonitia moyo ni kuona kwamba vyote hivyo vinaweza kupigwa marufuku kimoja kimoja, bila kelele. Tarehe 31 Oktoba 2021 Uingereza ilizuia sloti za mtandaoni kuzunguka chini ya sekunde 2.5, ikaondoa mzunguko wa kujiendesha, ikazima shangwe za hasara iliyovikwa nguo za ushindi, na ikazuia kitufe cha kughairi utoaji wa pesa. Mwaka 2025 ikaongeza ukomo wa dau la sloti za mtandaoni, pauni 5 kwa mzunguko, na pauni 2 kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 24. Hakuna mtu aliyehubiriwa wala kuulizwa kama ana nidhamu. Chombo kimepunguzwa makali, basi.

Linganisha na onyo la "cheza kistaarabu" linalopita chini ya tangazo kwa herufi ndogo. Onyo hilo humwachia mzigo wote yule ambaye ugonjwa wake wenyewe ni kushindwa kuubeba. Mimi huliona kama kumpa mtu anayezama karatasi ya maelekezo ya kuogelea.

Njia ya kwanza, basi, ni kukibana chombo chenyewe; ya pili ni kubana njia ambayo pesa hufika mchezoni. Mwaka 2006 Marekani ilitunga sheria iliyozilenga benki na malipo yanayokwenda kwa wachezeshaji haramu wa mtandaoni, badala ya kumwandama mchezaji. Norwe ilifanya la namna hiyo mwaka 2010. Uingereza ilizuia kadi za mkopo kwenye kamari Aprili 2020, na Australia ikafuata kwa kubeti mtandaoni mwaka 2024. Mantiki ni nyepesi: mtu akipoteza alichonacho anaumia, akipoteza alichokopa anaumia na kesho yake pia. Popote ambapo pesa husafiri kwa simu na mkopo hupatikana kwa simu hiyohiyo, umbali kati ya deni na dau ni sekunde chache, na msimamizi wa kamari asipozungumza na msimamizi wa mikopo, kila mmoja atakuwa analinda nusu ya uzio.

Hapo ndipo lilipo jibu la hoja ambayo wachezeshaji huitoa kila mara, kwamba sheria ikikaza, wachezaji watakimbilia tovuti zisizo na leseni. Wengine watakimbilia huko kweli, nisidanganye. Lakini tovuti haramu bila njia ya kupokea na kulipa pesa ni duka lisilo na mlango. Kulegeza kamari halali mpaka ifanane na haramu ni kuwafuata wahalifu kule walikokwenda.

Tatu ni daftari la kujizuia. Mtu akiwa na akili tulivu, labda asubuhi baada ya usiku mbaya, anaomba afungiwe asiweze kucheza. Likiwa daftari la kampuni moja halifai kitu, kwa sababu kampuni ya jirani iko mguso mmoja mbele. Likiwa moja kwa nchi nzima linafanya kazi tofauti kabisa. Sweden ilianza na lake mwaka 2019, Uingereza ikazilazimisha kampuni zote za mtandaoni kujiunga mwaka 2020, Australia ikazindua lake Agosti 2023. Ujerumani iliongeza hatua nyingine: tangu 2021 mchezaji ana ukomo wa kuweka euro 1,000 kwa mwezi kwa kampuni zote kwa pamoja, na mfumo mmoja unahesabu, ingawa mwenye uwezo uliothibitishwa anaweza kupandishiwa. Singapore nayo ilipofungua kasino mwaka 2010 iliwatoza raia wake kiingilio cha dola 100 za nchi hiyo kwa saa 24, ikapandisha hadi 150 mwaka 2019. Tena iliruhusu familia kuomba jamaa yao azuiwe. Hilo la familia lina utata. Linaweza kutumiwa vibaya na ndugu wagomvi, ndiyo maana linapita kwenye baraza linalosikiliza pande zote. Lakini linatambua ukweli ambao sheria nyingi huupita, kwamba anayepoteza kwenye kamari mara nyingi si mchezaji tu.

Kuhusu matangazo sitakaa sana. Italia iliyapiga marufuku karibu yote mwaka 2018, Ubelgiji ikayabana sana mwaka 2023, na Hispania ikayasukuma ya redio na televisheni kwenye saa saba usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Klabu za Ligi Kuu ya England zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa majina ya kampuni za kubeti kifuani mwa jezi baada ya msimu wa 2025/26, ila mikono ya jezi na mabango ya uwanjani hayakuguswa. Mtoto anayetazama mechi hatofautishi kifua na mkono.

Sasa tumfikie mgonjwa mwenyewe, maana ni mgonjwa. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani uliingiza tatizo hili mwaka 1980, ukilihesabu kati ya matatizo ya kushindwa kuzuia msukumo. Mwaka 2013 ukalihamishia kwenye sura moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Ushahidi mmoja wa kuhuzunisha ulitoka kwa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoletea mwili kutetemeka. Baadhi yao, watu ambao hawakuwahi kuwa na shida ya kamari, walianza kucheza ovyo baada ya kupewa dawa zinazoiga kazi ya dopamini, kemikali ya ubongoni, na dawa ilipopunguzwa au kubadilishwa wengi wakaacha. Ukimjua mtu wa namna hiyo, ni vigumu tena kusema uraibu huu ni utovu wa nidhamu tu.

Daktari huangalia dalili 9, na 4 ndani ya miezi 12 zinatosha. Kuna maswali mawili mafupi ya mwaka 1997 ambayo hata asiye daktari anaweza kuyauliza: umewahi kuhisi lazima uongeze dau zaidi na zaidi? Umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? Jibu la ndiyo kwa moja halithibitishi ugonjwa, lakini ni sababu ya kukaa na mtaalamu.

Dalili ninayoiogopa kuliko zote ina sauti yake: "Nirudishe tu pesa yangu, kisha naacha." Anayeisema anaamini kabisa. Machoni pake kamari ndiyo tatizo na ndiyo njia pekee ya kutoka, kwa sababu hakuna kazi wala biashara itakayorudisha kiasi kile kabla ya mwisho wa mwezi. Ndiyo maana kumlipia deni lote kimyakimya, jambo ambalo mama, mke au kaka hulifanya kwa upendo, mara nyingi humpa mtaji mpya. Kinachosaidia zaidi ni kulifungua deni lote mezani, kupanga ulipaji wa polepole, na kwa muda fulani mwenyewe kukubali mtu mwingine ashike kadi na namba za siri. Kisha tiba. Ile yenye ushahidi mwingi zaidi ni ya mazungumzo, inayomfundisha mtu kuzitambua fikra zinazomrudisha kwenye dau na kubadili mwenendo wake. Dawa ya naltrexone imewasaidia baadhi. Vikundi vya waliopitia njia hiyo, kama kile kilichoanzishwa Los Angeles mwaka 1957, huwapa watu mahali pa kusema ukweli bila kuhukumiwa. Na kwa kuwa uraibu huu huandamana na mawazo ya kujiua kuliko watu wanavyodhani, mwulize jamaa yako moja kwa moja kama anayo. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na mfikishe kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Tiba hiyo inahitaji pesa, na anayeitoa pesa huamua mengi. Kwa miaka mingi Uingereza ilitegemea michango ya hiari ya kampuni za kamari, kila moja ikitoa inachotaka, na waliokuwa wakitibu na kutafiti wakijua mfadhili wao ni nani. Aprili 2025 mchango huo ukawa wa lazima kisheria, kati ya asilimia 0.1 na 1.1 ya mapato kulingana na aina ya mchezo. Nusu yake inakwenda kwenye matibabu kupitia huduma ya afya ya taifa, inayobaki inagawanywa kati ya kinga na utafiti, na kampuni hazina tena kauli juu ya nani atibu au nini kichunguzwe.